Kufundisha Sababu: Somo la Namba 142,857

Walimu wengi walio katika mazoezi ya kufundisha hupenda kulifurahisha darasa kwa namba zenye maajabu. Namba 142,857 ni mojawapo. Ikizidishwa kwa 2 huwa 285,714. Kwa 3 huwa 428,571. Kwa 4 huwa 571,428. Kwa 5 huwa 714,285. Na kwa 6 huwa 857,142. Tarakimu ni zilezile sita, nazo hufuatana vilevile. Hubadilika mahali pa kuanzia tu. Wanafunzi hushangilia, kengele hulia, na somo huisha. Je, wamejifunza nini? Wamejifunza kwamba hisabati ni kiinimacho akijuacho mwalimu peke yake. Mtoto aliyezoea kukubali asichokielewa hatauliza neno siku mwalimu atakapokosea ubaoni.

Kwa hiyo twapendekeza hatua tatu zifuatazo, kwa madarasa ya juu yaliyokwisha kuzoea kugawanya kwa njia ndefu.

Hatua ya kwanza: Kugawanya

Wanafunzi wagawanye 1 kwa 7 katika desimali, na kila mmoja aandike pembeni kila baki alipatalo. Watapata 0.142857, kisha tarakimu hizo zitajirudia bila kikomo. Mabaki ni 3, 2, 6, 4, 5 na 1. Mwanafunzi akipotea njiani, safu ya mabaki itamwonyesha mwalimu kosa lilipoanzia.

Hatua ya pili: Kutafuta sababu

Tugawanyapo kwa 7, mabaki yasiyo sifuri hayawezi kuzidi sita, na hapa yametokea yote. Baki 1 linaporudi, kazi huanza upya. Sasa wagawanye 2 kwa 7. Wataona kwamba 2 ilikwisha kupita miongoni mwa mabaki. Basi kazi huanzia pale pale, ikatoa 0.285714. Na kwa kuwa 2/7 ni mara mbili ya 1/7, wameipata sababu ya zao la kwanza. Mazao mengine hufuata njia hiyo hiyo, hadi tunapozidisha kwa 7 na kupata 999,999.

Hatua ya tatu: Kuijaribu kanuni

Mwalimu aulize kama kila kigawanyo huleta mzunguko wa namna hii. Wagawanye 1 kwa 13. Watapata 0.076923, yenye mabaki 10, 9, 12, 3, 4 na 1. Haya ni sita tu kati ya mabaki kumi na mawili yawezekanayo, na 2 haimo. Ndiyo maana 2/13 hutoa 0.153846, ambao ni mzunguko mwingine kabisa.

Mwishoni mwanafunzi mmoja aitwe ubaoni, awaeleze wenziwe kwa nini desimali ya 3/7 huanza na tarakimu 4. Akiweza kueleza bila kusaidiwa, na wenziwe wakamwelewa, mwalimu ajue kwamba somo limefika.