Mtunza Vitabu Naye Husomea Kazi

Tukisikia neno mkutubi, wengi wetu twamfikiri mtu akaaye mlangoni mwa maktaba, apigaye mhuri kitabuni na kuwanyamazisha wanafunzi wenye kelele. Twadhani kazi hiyo haina masomo. Yatosha mtu ajue kufuata herufi tangu A mpaka Z. Somo letu la leo litaonyesha kwamba sivyo. Tutaona kwa nini kazi hii husomewa, na kwa nini shule ya kwanza ya kazi hii katika Afrika Mashariki ilifunguliwa hapa Kampala, juu ya kilima cha Makerere.

Kwanza tujue kazi yenyewe. Mkutubi hushughulika na vitabu, na mtunza nyaraka hushughulika na mafaili, barua na daftari za serikali au kampuni. Wote wawili wana kazi nne: kupata, kupanga, kutunza na kutoa. Kazi ya nne ndiyo shabaha ya zile tatu. Kitabu kisichoonekana ni sawa na kitabu kisichokuwapo. Mfikirie mzee aliyestaafu, ambaye malipo yake yamesimama kwa kuwa barua ya kuajiriwa kwake haionekani. Barua haikuungua wala haikuliwa na mchwa. Imo katika chumba kile kile, ila imewekwa pasipo mpango. Tangu mwaka 2005 Uganda ina sheria impayo raia haki ya kuomba habari zilizo katika ofisi za serikali. Ni haki njema sana. Lakini karani akijibu, “Faili halionekani,” haki hiyo imekwisha pale pale dirishani.

Sasa tutazame historia. Kabla ya mwaka 1963 Mwafrika wa Mashariki aliyetaka kuwa mkutubi kamili aghalabu alisafiri mpaka Uingereza, au alijisomea na kufanya mitihani ya chama cha wakutubi cha huko. Waliopata nafasi hiyo walikuwa wachache. Mwaka 1960 Bwana S. W. Hockey alitoa taarifa kwa serikali za Afrika Mashariki juu ya kueneza maktaba za watu wote. Baada ya hapo zikaundwa bodi za maktaba: Tanganyika mwaka 1963, Uganda mwaka 1964 na Kenya mwaka 1965. Lakini maktaba si nyumba na rafu tu. Ni nani angezifanyia kazi? Basi mwaka 1963, mwaka ule ule Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoanza, Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ilifunguliwa Makerere kwa msaada wa Unesco, ili ifundishe watu wa Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja. Chuo Kikuu hicho kiligawanyika mwaka 1970 na kila nchi ikawa na chake. Shule ya Makerere haikufa. Ipo hata leo, nayo sasa hufundisha ukutubi pamoja na elimu ya habari.

Huenda msomaji akauliza: kama Uingereza kulikuwa na shule nzuri, kwa nini tujisumbue kufungua nyingine Kampala? Je, ni kupunguza nauli tu? Hapana. Tazama mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni maneno yetu. Mzizi mmoja, -ganda, hutoa Buganda iliyo nchi, Muganda aliye mtu mmoja, Baganda walio wengi, Luganda iliyo lugha, na Kiganda kwa mambo ya desturi. Mtu asiyejua lugha za Kibantu akizipanga habari hizi kwa herufi ya kwanza tu, ataziweka chini ya B, M, L na K. Msomaji atapata kipande kimoja na kukosa vingine, naye hatajua kwamba amekosa.

Mfano wa pili ni majina ya watu. Desturi ya Ulaya ni kuanza na jina la mwisho, kwa kuwa ndilo jina la jamaa nzima. Lakini kwa desturi ya Baganda mtoto hupewa jina katika majina ya ukoo wake, na ndugu wa baba mmoja waweza kuwa na majina mbalimbali. Na huko pwani, Ali bin Said ni Ali. Said ni baba yake. Ukimwandika chini ya Said umemwandika baba mahali pa mwana. Kosa kama hilo katika orodha ya vitabu huchosha. Katika daftari ya hospitali laweza kuleta msiba.

Mfano wa tatu ni namba zilizo mgongoni mwa vitabu. Maktaba nyingi hufuata mpango wa Mmarekani Melvil Dewey, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1876. Mpango huo hugawa elimu yote katika mafungu kumi. Fungu la 400 ni la lugha. Humo Kiingereza kimepewa 420 mpaka 429, na Kifaransa 440 mpaka 449; lakini lugha nyingi sana za Afrika zimebanwa pamoja katika 496. Kiswahili ni 496.392. Mpango huu si mbaya, nao huwezesha maktaba ya Kampala na ya Chicago kuelewana. Lakini mwenye kuutengeneza alitazama rafu za kwao. Mkutubi wetu yampasa aujue barabara, kisha ajue mahali unapobana, apate kuwasaidia wasomaji wake.

Hata hivyo tusiseme kwamba ya nje hayafai. Shule ya Makerere yenyewe ilisimama kwa msaada wa mataifa, na hata sasa wakutubi wetu huenda ng'ambo kuongeza elimu. Neno kubwa ni hili: aendaye aende na swali la nyumbani. Mfano bora ni Bi Maria Musoke wa Makerere. Alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, mwaka 2001. Lakini jambo alilolichunguza halikuwa la Sheffield. Lilikuwa jinsi wafanyakazi wa afya wa vijijini Uganda wapatavyo habari za kazi yao na kuzitumia. Maktaba ya udaktari ya Albert Cook, iliyoko Mulago, ilikuwa imekwisha anza kukusanya habari mpya za tiba, kuzifupisha na kuzipeleka kwa wafanyakazi wa afya walio mbali na mji. Mwuguzi wa zahanati ya shamba hawezi kupanda basi mpaka Kampala kila apatapo shida; basi maktaba imfuate yeye.

Leo kuna kompyuta, na wengine husema kwamba elimu hii imekwisha. La. Kompyuta hutafuta katika yale iliyopewa. Jina likiingizwa vibaya, itakurudishia kosa lile lile, tena kwa haraka. Kwa hiyo shule zimezidi kuongezeka: Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianza kufundisha elimu ya habari mwaka 1988, na Bagamoyo ikapata shule ya ukutubi na nyaraka mwaka 1989.

Wanafunzi wanaofikiri juu ya kazi za baadaye wasiidharau hii. Nanyi wazee mliosoma hapa, mlio na magazeti ya zamani ya shule, picha au barua masandukuni, zileteni maktabani. Nyuma ya kila picha andikeni majina na mwaka, maana baada yenu hapatakuwa na mtu wa kuyajua.

Maswali

1. Taja kazi nne za mkutubi. Kwa nini ya nne ndiyo shabaha?

2. Chukua mzizi -swahili. Andika maneno yote yatokayo humo, kisha ueleze ungeyapanga wapi ili msomaji asikose hata moja.

3. Andika orodha ya majina ya wanafunzi kumi wa darasa lako kwa herufi. Umeanza na jina gani la kila mmoja, na kwa nini? Waulize wenyewe kama umefanya sawasawa.