Istilahi za Msingi na Matawi ya Sayansi ya Kilimo: Mwongozo kwa Mtahiniwa

Utangulizi

Mtahiniwa wa Kiswahili nchini Kenya hukutana na kilimo katika insha, katika ufupisho na hata katika maswali ya sajili. Hata hivyo, wengi wamelisoma somo hilo kwa Kiingereza. Wanapotakiwa kulieleza kwa Kiswahili, hukimbilia neno moja na kulibebesha dhana tatu. Makala haya yanadhamiria kufafanua istilahi za msingi za taaluma hii na matawi yake, hasa pale ambapo maneno yanayokaribiana huwapotosha wengi.

Dhana ya kilimo

Nomino kilimo imetokana na kitenzi lima, yaani kutifua ardhi ili kupanda mimea. Katika mazungumzo ya kawaida, mwenye ng'ombe huitwa mfugaji, wala hahesabiwi kuwa mkulima. Katika sayansi, dhana hii ni pana zaidi: hujumuisha uzalishaji wa mimea na mifugo, utunzaji wa udongo na hata uuzaji wa mazao. Mtahiniwa anayefasili kilimo kuwa ni kulima tu ameacha nusu ya jibu. Neno zaraa, lenye asili ya Kiarabu, hutumiwa pia kwa maana ya kilimo, ilhali ukulima ni kazi ya mkulima.

Matawi makuu

1. Sayansi ya udongo: huchunguza aina za udongo, rutuba na kiwango cha asidi. Asidi hupimwa kwa kipimo cha pH, ambapo 7 ni kati na kati. Chini ya hapo udongo una asidi, na huweza kurekebishwa kwa chokaa.

2. Uzalishaji wa mimea: hugawika katika mazao ya shambani, kama vile nafaka na mikunde, na kilimo cha bustani. Kilimo cha bustani nacho kina vitawi vitatu: mboga, matunda na maua. Mashamba ya maua ya Naivasha ni mfano wa kitawi cha tatu.

3. Ufugaji: huhusu ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku. Ufugaji wa nyuki na wa samaki umo pia, ingawa watahiniwa wengi huusahau.

4. Uhandisi wa kilimo: hushughulikia zana, mitambo, maghala na unyunyiziaji maji.

5. Uchumi wa kilimo: huchunguza gharama, mikopo, soko na faida.

Istilahi zinazotatiza

(a) Kilimo mseto. Istilahi hii hutumiwa kwa dhana tatu tofauti. Kwanza, kuwa na mimea na mifugo katika shamba moja. Pili, kupanda mazao mawili pamoja kwa msimu mmoja, mathalani mahindi na maharagwe. Tatu, kukuza miti pamoja na mazao. Ili kuepuka utata, inafaa dhana ya kwanza iitwe kilimo mchanganyiko, ya pili upandaji mseto, na ya tatu kilimo misitu. Aidha, zisichanganywe na mzunguko wa mazao, ambapo zao hubadilishwa msimu baada ya msimu. Maharagwe yakifuatwa na mahindi, udongo hufaidika kwa sababu bakteria walio katika vinundu vya mizizi ya maharagwe hunasa naitrojeni kutoka hewani.

(b) Kusia, kupanda na kupandikiza. Mbegu ya nyanya au sukumawiki husiwa kitaluni. Mche ukikomaa hupandikizwa shambani. Mahindi hupandwa moja kwa moja shambani.

(c) Mbolea. Hili ni jina la jumla. Samadi hutokana na kinyesi cha mifugo. Mboji hutokana na majani na mabaki yaliyooza. Mbolea ya viwandani hutambulishwa kwa tarakimu tatu zinazoonyesha, kwa mpangilio huo, asilimia ya naitrojeni, ya fosfati na ya potashi. DAP ni 18:46:0, ilhali urea ni 46:0:0. Tarakimu 46 imo katika magunia yote mawili, lakini maana zake ni mbalimbali. DAP ni mbolea ya kupandia, kwa kuwa fosfati husaidia mizizi michanga. Urea ni mbolea ya kukuzia. Ikiwekwa karibu na mbegu huweza kuunguza miche, na haina fosfati hata kidogo.

Hitimisho

Ni bayana kwamba istilahi si pambo la insha. Mwanafunzi wa Kiswahili wa leo ndiye atakayetafsiri maandishi ya gunia la mbolea kesho, au kusoma taarifa ya kilimo redioni. Akiandika "mbolea" pasipo kufafanua ni ya kupandia au ya kukuzia, alama anazopoteza chumbani mwa mtihani ni chache. Mkulima anayemwamini huweza kupoteza msimu mzima.

Maswali ya marudio

1. Tofautisha kilimo mchanganyiko, upandaji mseto na kilimo misitu, ukitolea kila dhana mfano.

2. Eleza ni kwa nini fasili ya kilimo inayotegemea kitenzi lima pekee haitoshi.

3. Mkulima ana gunia lililoandikwa 46:0:0 na anajiandaa kupanda mahindi. Mshauri ipasavyo.