Amua Kabla Njaa Haijafika

Somo: Danieli 1:8-16



Wacha niwaambie ukweli. Januari tulipofunga siku 21, kila jioni nilitoka kanisani nikapitia stendi ya Malindi, nikafungua kwa viazi karai na soda mbili. Kutwa nzima nilikuwa nimeomba, lakini la kufungulia sikulipanga. Mwezi wa pili nikapimwa: sukari iko juu. Marehemu baba alikatwa mguu kwa ugonjwa huo huo. Siku hiyo nilitembea mpaka nyumbani bila kusema neno.

Mimi nilisomea biashara. Tulifundishwa kwamba mwenye duka huweka peremende na soda karibu na pale unapolipia, kwa maana mteja aliyechoka hachagui tena. Mkono unachukua kilicho karibu. Hata nyumbani ni vivyo hivyo.

Sasa mtazame Danieli. Yeye hakutafuta kupungua mwili. Alikataa kujitia unajisi. Lakini angalia njia yake. Hakungoja sahani ya mfalme ifike ndipo aanze kupigana na harufu. Aliamua moyoni mapema, kisha akamwendea msimamizi wakapatana: mboga na maji, siku 10. Imani yake ilikuwa na mpango.

Soda ya mililita 300 ina karibu vijiko 8 vya chai vya sukari. Shirika la Afya Duniani linasema ni bora sukari ya kuongezwa isizidi vijiko 6 hivi kwa siku nzima!

Wiki hii tufanye hivi:

1. Nunua mchicha, mnavu au mtsunga mapema, si jioni ukiwa na njaa.
2. Soda isilale nyumbani. Maji yawe mezani.
3. Mahamri na mbaazi: pakua mahamri mawili, bakuli libaki jikoni.
4. Mtumishi akiwatembelea, msimlazimishe soda. Maji pia ni ukarimu.
5. Mwenye dawa asiziache. Tunaomba, na kliniki tunaenda.

Siku hizi mama watoto hunifungia ndizi na chupa ya maji, nakula kabla sijafika stendi. Jumanne niliteleza. Jumatano nikaanza tena.

Tuombe: Bwana, tupe moyo wa kuamua mapema, na utuinue tunapoanguka. Amina.