Ukitaka kuwa nesi au daktari, moyo wako utautunzaje?

Huenda wewe ni mmoja wa wale ambao wakiulizwa "ukimaliza shule unataka kuwa nani?" hujibu haraka haraka: nesi, daktari, mkunga. Safi sana! Unajua kwamba lazima ufaulu Baiolojia na Kemia. Lakini lipo somo jingine ambalo halimo katika mtihani wa kidato cha nne: kuielewa hali ya mwenzako bila kujipoteza wewe mwenyewe. Leo tulisome hilo.

Huruma peke yake haitoshi

Hebu fikiria. Ni wiki yako ya kwanza wodini. Bibi mmoja mwenye kidonda mguuni anakataa kuguswa. Utafanya nini?

1. Unamfokea: "Bibi, usitusumbue, wagonjwa ni wengi!"

2. Unamwonea huruma mpaka machozi yanakutoka. Kidonda kinabaki vilevile.

3. Unavuta kiti, unakaa. "Shikamoo bibi. Naona leo hutaki kuguswa. Kuna nini?" Naye anajibu: "Marahaba mjukuu wangu. Jana bandeji ilibanduliwa kavu kavu. Nililia kama mtoto." Basi, umeshajua! Unamweleza muuguzi anayekufundisha, naye anakuonyesha namna ya kuilowesha bandeji kwanza.

Njia ya tatu ndiyo kujiweka katika nafasi ya mgonjwa. Uliuliza, ukasikiliza, ukatenda. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndiyo maana inabidi umuulize anayekilalia.

Kwa nini moyo hupoa?

Mwaka 2009, watafiti wa chuo cha udaktari cha Jefferson, mjini Philadelphia, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wanafunzi 456. Wanafunzi hao walijaza fomu ya maswali kila mwaka, kupima jinsi wanavyojali kuelewa hali ya wagonjwa. Miaka miwili ya mwanzo hapakuwa na mabadiliko makubwa. Mwaka wa tatu alama zilishuka. Cha ajabu ni nini? Mwaka wa tatu ndio walioanza kukaa na wagonjwa wodini!

Je, waligeuka kuwa watu wabaya? Hapana. Masomo yalikuwa mengi, muda mfupi, na wengine hawakupata mkubwa wa kumwiga.

Fikiria tena. Asubuhi umemlisha mgonjwa uji, mkacheka pamoja. Jioni amefariki. Shuka zinabadilishwa, analazwa mwingine. Hakuna anayekuuliza, "Wewe, unajisikiaje?" Likitokea hilo mara nyingi, moyo huota sugu kama kiganja cha mkulima. Sugu inakukinga na maumivu, ni kweli. Lakini ukiwa na sugu huhisi vizuri unachokishika.

Zijue dalili

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza dalili tatu za mtu aliyechoshwa na msongo wa kazi wa muda mrefu:

- nguvu zimemwisha kabisa;
- kazi haimhusu tena, anaidharau au anaikimbia kimawazo;
- anaona hafanyi lolote la maana.

Shirika hilo halikuuita ugonjwa. Lilisema unatokana na msongo wa kazini usioshughulikiwa. Kwa hiyo usimwambie mwenzako "jikaze tu". Mzigo wenyewe nao uangaliwe: zamu, mapumziko, na watu wa kusaidiana.

Ufanye nini?

Sema. Mjini London, tangu miaka ya 1950, daktari Michael Balint na mkewe Enid walikutanisha madaktari kuzungumza juu ya wagonjwa waliowasumbua moyoni. Makundi ya namna hiyo yapo mpaka leo. Nyinyi pia mnaweza kukaa watatu au wanne baada ya siku ngumu. Ila siri ya mgonjwa haitoki nje, na jina lake halitajwi.

Lala, kula, cheza. Taa isiyotiwa mafuta haimwangazii mtu.

Omba msaada mapema. Ukikosa usingizi siku nyingi, ukikata tamaa, au ukiwaza kujidhuru, mwambie mtu mzima unayemwamini na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Anza leo

Usingoje koti jeupe. Wiki hii, mwenzako akiwa na shida, mwambie "pole", halafu nyamaza. Msikilize dakika tano bila kumkatiza, bila kusema "hata mimi". Kisha muulize: "Ungependa nikusaidieje?"

Jadilini darasani

1. Kumwonea mtu huruma na kumwelewa kuna tofauti gani?
2. Ulipougua, ni neno gani la mhudumu lililokutuliza, na lipi lilikuumiza?
3. Nesi anayefoka: labda naye ana nini moyoni? Na je, hilo linampa haki ya kufoka?

Swali la tatu lina mabishano, mtaona! Mkishabishana, mtakuwa mmeshaanza masomo ya uuguzi kabla ya kufika chuoni.