SOMO LA MAZINGIRA: Kuusoma Mto Nairobi kwa Ndege Wake

Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, hupita katikati ya jiji na mitaa ya Eastlands, kisha huungana na Mto Athi. Jina lake limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Leo maji hayo hayanyweki, lakini bonde lake bado lina viumbe, nao huonyesha hali ya mto.

Mahali pazuri pa kujifunza ni Korogocho, ambako vijana wa kikundi cha Komb Green walisafisha ukingo uliojaa taka na kuugeuza bustani ya umma. Matembezi mafupi ya asubuhi yanatosha.

Ndege wa kutazama

1. Korongo marabu: Ni mkubwa, mwenye kichwa kipara. Hula mizoga na mabaki ya chakula. Wakijazana mahali, hapo pana taka, kama ilivyo kwenye jaa la Dandora.

2. Fundichuma: Ni wa rangi ya kahawia, na hula vyura na samaki wadogo. Akiwa anawinda, majini mna uhai.

3. Mdiria: Huona samaki kwanza, ndipo apige mbizi. Maji meusi yenye povu hayamfai.

4. Mnana: Hufuma kiota kwa nyasi na matete. Mimea hiyo hiyo hushika udongo wa ukingo usimomonyoke.

Kwa nini ukingo ni muhimu

Mvua kubwa ikinyesha, mto hutafuta nafasi ya kupanuka. Katika mafuriko ya Aprili na Mei 2024, wakazi wa Mathare walipoteza jamaa na makao, na serikali ikaagiza watu wahame umbali wa mita 30 kutoka mtoni. Ukingo wenye miti na nyasi hupunguza kasi ya maji; uliojaa taka huziba njia yake.

Tahadhari

Watoto waandamane na mtu mzima. Maji yasiguswe, na mikono ioshwe kwa sabuni baadaye. Mvua ikinyesha, hata ikiwa ni upande wa Kikuyu, matembezi yaahirishwe.

Maswali ya kujadili

(a) Ni ndege gani wengi zaidi karibu na mtaa wenu, na wanaonyesha nini?
(b) Taka za nyumbani huishia wapi baada ya kuchukuliwa?
(c) Ni sehemu gani ya ukingo inayoweza kupandwa nyasi au miti kabla ya mvua za masika?