Dondoo muhimu: Kununua Porsche Boxster iliyotumika Pwani

Joto na unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa havina huruma na gari la kifahari la michezo. Kabla hujalipa, kagua haya:

• Rejeta. Ziko mbele, nyuma ya matundu ya bampa. Mulika tochi ndani. Majani makavu na mchanga hujikusanya hapo, hushika unyevu, na kutu huanza kula taratibu.

• Paa la turubai. Bonyeza kapeti nyuma ya viti kwa kiganja. Likiwa bichi au linanuka uvundo, njia za maji ya mvua zimeziba. Katika toleo la kwanza, kifaa kinachosimamia kufuli na ulinzi wa gari kiko chini ya kiti. Kikilowa, gari linaweza kugoma kuwaka.

• Kiyoyozi. Kijaribu saa nane mchana, gari likiwa limesimama na injini inanguruma, kwa dakika 20. Tazama pia mshale wa joto la injini.

• Tairi. Soma tarakimu 4 za ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jua hukausha mpira hata kama meno bado marefu.

• Chini ya gari. Lipandishwe juu, ukague boliti na mabomba ya breki. Chumvi ya bahari huanzia huko.

Mlipe fundi anayelijua gari hili alikague kwanza. Rangi inayong'aa isikuharakishe. Rahisi ni ghali.