Kalamu au Karamu: Jinsi ya Kuzipata Fonimu za Lugha

Mwongozo huu ni wa yeyote mwenye lugha karibu naye, ya bibi, ya jirani au ya wakwe, anayetaka kujua ina sauti zipi na zimepangwaje. Maabara haihitajiki. Simu ya kurekodia, daftari na mtu mmoja mwenye subira vinatosha. Ila jambo hili likukae tangu mwanzo: lugha haihesabu kila mlio unaotoka kinywani, inahesabu ule tu unaobadili maana. Hiyo ndiyo fonimu.

Hatua ya 1: Mpate msemaji mmoja

Mmoja tu kwa kuanzia, maana hata wanaosema lugha moja hawana sauti zilezile. Shika kipande cha karatasi mbele ya midomo ya mzee wa Mombasa au Lamu, umwombe ataje paa la nyumba, kisha paa yule mnyama. Kwenye mnyama karatasi itapepea, kwa kuwa p hiyo hutoka na mpumuo. Kwenye nyumba itatulia. Wengi waliokulia bara huyatamka yote mawili sawasawa. Ukiwachanganya watu hawa katika daftari moja, hutapata mfumo wa yeyote kati yao.

Hatua ya 2: Kusanya maneno

Kama mia mbili hivi, ya mambo ya kila siku: viungo vya mwili, maji, moto, wanyama, kula, kulala. Yasitajwe moja moja, kwa sababu mtu akisoma orodha sauti yake hupanda na kushuka kama anayehesabu. Yaingize yote katika sentensi isiyobadilika, mfano wa "Amesema … tena", kwa lugha yake mwenyewe, na kila neno alirudie mara tatu. Maneno ya kukopa yatie alama pembeni. Karibu maneno yote ya Kiswahili sanifu yenye th, dh na gh yametoka Kiarabu, na asiyejua hilo hataelewa kwa nini sauti hizo zimejaa kwenye maneno ya dini, sheria na elimu, ilhali katika majina ya viungo vya mwili hazionekani.

Hatua ya 3: Tafuta jozi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, usiikimbize. Tafuta maneno mawili yanayotofautiana kwa sauti moja tu. Kiswahili kinayo tele: kalamu na karamu, mahali na mahari, samani na thamani, zana na dhana, suka na shuka. Jozi moja ya hakika inatosha kuthibitisha kwamba l na r ni fonimu mbili.

Sasa vuka mpaka uingie Uganda. Katika Luganda moto ni omuliro, na l na r zote zimo. Lakini ukiyapekua maneno mengine utaona kwamba r hufuata e au i, na l hukaa kwingine kote. Hakuna inapokanyaga nyingine, kwa hiyo jozi huwezi kuipata hata ukitafuta mwaka mzima. Hiyo ni fonimu moja yenye sura mbili. Mganda anayechanganya l na r katika Kiswahili si mvivu wa ulimi. Anafuata kanuni ya kwao.

Kwa hiyo jozi ikikosekana, andika majirani wa kila sauti: nini kinaitangulia, nini kinaifuata. Na usimuulize msemaji, "Hii ni l au r?" Hilo ni swali la herufi, na aliyesoma shule atakujibu kwa herufi. Muulize, "Hili ni neno moja au mawili?"

Sikio lako pia lina kanuni zake. Gusa kikoromeo, sema baba taratibu, kisha mbuzi. Kwa wasemaji wengi b ya baba huvuta hewa kidogo kuingia ndani, ile ya mbuzi haivuti. Hatuisikii tofauti hiyo kwa sababu haitenganishi maneno.

Hatua ya 4: Urefu na toni

Urefu wa irabu nao unaweza kubadili maana. Luganda tena: okusala ni kukata, okusaala ni kuswali. Kwa toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti ndani ya neno, mwombe msemaji apige neno kwa mluzi. Irabu na konsonanti hutoweka, wimbo hubaki. Mzee akiona mluzi ni utovu wa adabu, basi aliimbe huku amefumba mdomo.

Hatua ya 5: Chora jedwali

Juu weka mahali pa kutamkia, kuanzia midomo hadi koromeo. Pembeni weka namna ya kutamka: vipasuo (kama p na t), vikwamizi (kama f na s), nazali (kama m na n) na wenzao. Sauti hupenda kukaa kwa jozi, ghuna (yenye mtetemo kooni, kama b) na sighuna (isiyo nao, kama p), hivyo tundu likitokea kwenye jedwali, rudia maneno yako kwanza. Huenda tundu ni la kweli: Kiarabu fasihi kina b, t, d na k, lakini hakina p. Wala usishangazwe na idadi. Kihawaii kina konsonanti 8. Kiubykh cha Kaukazi, ambacho msemaji wake wa mwisho, Tevfik Esenç, alifariki Uturuki mwaka 1992, kilikuwa na 84.

Irabu ndizo humponza Mswahili, kwa kuwa tuna tano tu. Kikuyu kina saba. Ukiona neno lilelile umeliandika kwa i leo na kwa e jana, usijilaumu: umekutana na irabu ambayo sikio lako halina, kama ĩ ya Wakikuyu.

Hatua ya 6: Jaribu kwa neno geni

Krismasi kwa Kihawaii ni Kalikimaka. Kihawaii hakina r wala s, konsonanti mbili haziongozani, na kila silabi huishia kwa irabu. Chagua jina la kigeni ambalo msemaji wako hajawahi kulisikia, bashiri kwenye karatasi atakavyolitamka, kisha msikilize. Mkipishana, rudi hatua ya 3.